Lipia kupima kwanza, giaboksi baadaye

Kama unaendesha Subaru ya turbo yenye gia za mkono, au bado unaiwekea akiba, soma hii hadi mwisho. Nataka kukuokolea pesa, na pengine kukuokolea ile aibu ya kukaa kando ya barabara huku mamako akikuangalia tu, hasemi kitu.

Mimi hiyo aibu naijua. Desemba iliyopita nilitoka Nairobi na Impreza yangu kwenda nyumbani Lodwar, safari ya kama kilomita 700. Dalili ya kwanza niliipata kwenye mlima wa Timboroa. Nilikuwa gia ya nne, nikakanyaga mafuta nipite lori. Mshale wa revu ukaruka kutoka elfu tatu hadi karibu elfu tano, lakini mwendo ukabaki pale pale, themanini. Nikajiambia labda gari limechoka na mlima. Nikaongeza muziki, nikaendelea.

Hapo ndipo nilikosea, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Gari likianza kusema, sisi tunaongeza sauti ya redio.

Nilipofika Lodwar nikalipeleka gereji moja mjini. Fundi hakuingia ndani ya gari. Hakuliendesha hata mita kumi. Alisikiliza maelezo yangu, akafungua boneti, akaifunga, akasema, "Hii giaboksi imekufa, bosi. Tafuta elfu tisini nikuagizie nyingine Nairobi." Sikuwa na elfu tisini. Na kwa vile nilikuwa nimemwahidi mama kwamba nitampeleka Kakuma kwa dadake, nikaona kilomita 120 za lami si kitu. Nitaenda polepole tu.

Wewe unayejua Turkana unajua laga. Mvua inanyesha mbali huko milimani, maji yanapita hapa usiku, asubuhi jua linawaka kama hakuna kilichotokea. Kwenye laga moja maji yalikuwa yameacha mchanga juu ya lami. Gari likazama kidogo. Nikafanya kile kila mtu hufanya: klachi nusu, mafuta mengi, mbele, nyuma, mbele. Ikatoka harufu ya kitu kuungua, kama breki ya lori linaloteremka Mai Mahiu. Halafu injini ikawa inanguruma vizuri kabisa na gari halisogei hata inchi.

Ilikuwa saa sita mchana. Mama ana presha. Tulikuwa na chupa mbili za maji. Tulikaa hapo saa mbili na zaidi, mpaka dereva wa lori moja akasimama. Kabla ya kuuliza gari lina nini, alishuka na jerikeni. "Mama anywe kwanza," akasema. Tulipokuwa tunavutwa kwa kamba kuelekea Kakuma, mama aliniuliza swali moja tu: "Kwani ulijua gari ni gonjwa kabla hatujatoka?"

Sikumjibu. Nadhani makala hii ndiyo jibu lenyewe.

Kakuma nilielekezwa kwa fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mti, karibu na kambi. Ni kijana wa rika langu, Mkongo, aliyeletwa kambini akiwa mtoto na kusomea umekanika hapo hapo kwenye mafunzo ya Don Bosco. Kabla hajagusa gari alisema, "Kupima ni mia tano, kaka. Nikikosa, ninakurudishia."

Nilikasirika. Mia tano ya kuangalia tu? Lakini sikuwa na pa kwenda. Nikatoa.

Akaingia kwenye gari. Akavuta hendibreki hadi mwisho, akaniambia niweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Akawasha injini, akaweka gia ya tatu, akaachilia klachi taratibu. Gari zima lingepaswa kutetemeka na kuzimika. Halikuzimika. Injini iliendelea kunguruma kama vile hakuna gia iliyowekwa. Akazima haraka. Akatuambia tusirudie, maana kila sekunde ya jaribio hilo inaunguza. "Giaboksi yako iko muzima," akasema. "Gia zote zinaingia, haina kelele. Ni ambreyaje." Wakongo huita klachi hivyo, neno la Kifaransa. Halafu akalala chini ya gari, akapitisha kidole pale injini na giaboksi zinapokutana, akanionyesha. Mafuta meusi. "Na iko kitu inamwagia mafuta."

Dakika kumi, shilingi mia tano. Yule wa Lodwar alitaka elfu tisini bila kushika usukani.

Sasa nikueleze alichonieleza, kwa sababu ukikielewa hutadanganywa tena. Klachi ni kama sahani iliyobanwa katikati ya vyuma viwili. Upande mmoja kuna fulaiwili, ile inayozunguka na injini. Upande wa pili kuna presha pleti, yenye springi kali ya kubana. Sahani ya katikati, klachi pleti, imeshikana na shafti ya giaboksi. Ukiachilia pedeli, springi inabana sahani na vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga, sahani inaachiliwa na unaweza kubadilisha gia. Ile sahani ina ngozi ya kukwaruza pande zote mbili. Ngozi ikiisha, au ikilowa mafuta, au springi ikichoka, kubana kunapungua. Injini inazunguka, sahani inabaki nyuma. Hapo ndipo tunasema klachi inasilipu.

Dalili huanza kwenye gia za juu, wakati gari limebeba mzigo au linapanda mlima, kwa sababu hapo ndipo klachi inabeba nguvu nyingi. Ndiyo maana mjini unaweza kuzunguka wiki nzima usijue. Kupima barabarani ni rahisi. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, nenda kilomita 50 au 60 kwa saa ukiwa gia ya nne au ya tano, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Revu na mwendo vinapaswa kupanda pamoja, polepole. Revu ikiruka peke yake, ni klachi. Ongeza dalili nyingine mbili: harufu ya kuungua baada ya mlima, na pedeli inayoanza kushika juu kabisa, karibu na mwisho wake.

Kuna vitu vitatu watu huvichanganya na klachi inayosilipu. Kama gia zinagoma kuingia, hasa rivasi, hiyo si kusilipu. Ni klachi isiyoachia, mara nyingi kwa sababu fluidi inavuja au kuna hewa kwenye mfumo wa pedeli. Kama gari halivuti lakini revu nayo haipandi, hiyo ni injini au turbo imekosa nguvu. Na kama uko kwenye mchanga, shuka uangalie magurudumu. Yakizunguka mahali pamoja, klachi yako inashika, ni mchanga ndio haushiki. Yasipozunguka huku injini inalia, jibu unalo.

Halafu kuna swali ambalo mafundi wa kubahatisha hawaulizi: kwa nini imeisha? Kwa upande wangu majibu yalikuwa mawili. Sili ya nyuma ya krenkshafti ilikuwa imechoka na kumwagia klachi oili, na mimi mwenyewe nikaimalizia kwenye mchanga. Ningebadilisha klachi tu na kuacha sili, ile mpya nayo ingelowa mafuta na ningerudi kulia hapo hapo. Na kama ningelipa elfu tisini ya giaboksi, klachi yangu ya zamani ingerudishwa pale pale, yenye mafuta. Gari lingesilipu kabla sijafika Lokichar.

Magari ya aina hii yana historia. Subaru ilijenga jina lake hapa kwetu kwenye mavumbi ya Safari Rally. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000. Tangu hapo kila kijana wa Nairobi akisikia ule mlio wa bokse moyo unadunda. Sikulaumu, mimi pia ni hivyo. Lakini kumbuka vitu viwili. Kwanza, injini ya turbo inaamka ghafla na nguvu nyingi. Toleo la STI la Japani lilitajwa kuwa na nguvu farasi 280, na ukiongeza presha ya turbo bila kubadilisha klachi, umempa punda mmoja mzigo wa punda wawili. Pili, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hivyo ile Impreza ya mwaka 2003 unayoitamani imeshapita mikononi mwa watu kadhaa hapa hapa nchini, na hujui nani aliichezea mbio usiku kwenye Thika Road. Ukienda kununua, fanya lile jaribio la gia ya nne kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia.

Na usijiue klachi mwenyewe. Usipumzishe mguu kwenye pedeli ukiendesha. Usishikilie gari kwenye mlima kwa klachi nusu, hendibreki iko hapo kwa kazi hiyo. Ukizama kwenye mchanga, punguza upepo kwenye magurudumu, chimba, weka matawi, omba watu wasukume. Mwanamume wa kweli hushuka na jembe. Dakika chache za kunguruma kwa klachi nusu zinaweza kumaliza ngozi ambayo ingekutosha miaka.

Kuhusu kubadilisha, hii si kazi ya YouTube na jeki moja. Lakini jua hatua zake ili usimame pale na uone. Betri inatolewa waya kwanza. Kwenye Subaru mafundi wengi huona heri kuitoa injini kwa juu kuliko kushusha giaboksi na shafti zake zote. Sisi tuliitoa kwa mnyororo uliofungwa kwenye nguzo tatu za chuma. Vumbi la klachi halipulizwi kwa hewa wala kwa mdomo, linapanguswa na kitambaa chenye maji, maana klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Presha pleti inafunguliwa boliti moja moja kwa kupishana. Hapo mwambie fundi akuonyeshe. Klachi pleti yangu ilikuwa imebaki na vichwa vya riveti, nyeusi kwa oili. Fulaiwili ilikuwa na madoa ya bluu, alama ya moto.

Kisha usibanie pesa mahali pabaya. Unabadilisha seti nzima: pleti, presha pleti na bearingi ya kuachilia. Hiyo bearingi ni rahisi, lakini ikifa baadaye utalipa kazi yote upya. Fulaiwili inakwanguliwa kwenye mashine ya leithi au inabadilishwa ikiwa ina nyufa. Sili inayovuja inatolewa. Pleti mpya haishikwi na mikono ya oili, na ina upande wake. Ikigeuzwa, kazi imeharibika. Inawekwa katikati kwa kifaa cha kulenga, boliti zinakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Mwisho hewa inatolewa kwenye fluidi ya klachi. Ukishapewa gari, kilomita 500 au zaidi za kwanza endesha kistaarabu, bila kuondoka kwa fujo na bila kubeba mzigo mzito, ili ngozi izoeane na chuma.

Kazi yangu ilichukua siku sita, na hapa ndipo hadithi inaacha kuwa ya gari peke yake.

Baadhi ya Impreza za turbo hutumia klachi ya kuvutwa badala ya ile ya kusukumwa. Fundi alijua hilo mara tu alipofungua. Lakini spea ziko Kitale, Eldoret na Kirinyaga Road, na yeye hawezi kupanda basi la kwenda Kitale kuzichagua kwa macho. Ni mkimbizi. Kutoka kambini anahitaji kibali. Kwa hivyo alipiga picha, akatuma kwa simu, akaeleza. Muuzaji akatuma seti ya kusukumwa. Basi likaleta, tukafungua boksi, tukaangaliana. Ikarudi. Siku mbili zikapotea na nauli ya mzigo mara mbili, kwa sababu mtu anayejua kuliko wote hakuruhusiwa kufika mahali ujuzi wake ulihitajika.

Jumla nililipa elfu 49 na mia tano: seti elfu 34, sili, leithi na usafiri elfu sita na mia tano, kazi elfu tisa. Gari linavuta mpaka leo.

Sasa maoni yangu, na ukitaka tubishane, tubishane. Tatizo letu si mafundi wabaya peke yake. Ni sisi. Tunakataa kulipia kupima. Ukimwambia kijana wa Nairobi alipe mia tano fundi amwambie gari lina nini, anaona ameibiwa. Lakini akiambiwa bei ya spea ya elfu tisini, anaanza kutafuta pesa. Fundi ni mtu, ana watoto. Kama kuangalia hakulipwi na kubadilisha kunalipwa, atakuambia ubadilishe. Sisi ndio tumemfundisha kubahatisha, tena kwa pesa zetu. Yule wa Lodwar simtetei, lakini nikiwa mkweli, hata mimi sikumwambia, "Ingia tuendeshe, nitalipia muda wako." Nilitaka jibu la bure, nikapewa jibu la bure.

Kwa hivyo anza leo. Ukienda gereji, sema mapema kwamba utalipia uchunguzi, na kwamba unataka kuonyeshwa. Fundi anayejua hakasiriki ukiuliza "nionyeshe". Anafurahi, kwa sababu mara nyingi hakuna anayemuuliza. Asiyeweza kukuonyesha, mshukuru, chukua ufunguo wako, uende.

La pili ni la hao walio na sahihi. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Kuna watu wazima waliozaliwa humo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi na kujitegemea. Lakini haki ya kufanya kazi bila njia ya kufika kazini ni kama gari zuri lenye klachi iliyokwisha. Injini inanguruma, watu wanasikia, na gari limesimama pale pale. Fundi mwenye cheti apewe kibali cha kazi kinachoeleweka, kisichomfanya aombe upya kila akitaka kwenda kununua bearingi.

Najua kuna kijana wa Kiturkana anayesoma hapa na kusema, "Na sisi je? Sisi wenye ardhi hatuna kazi, unataka wao ndio wapewe njia?" Ndugu yangu, una haki ya kuuliza, na mimi ni wa hapo hapo Lodwar. Lakini siku ile nilipokwama, Lodwar nzima sikupata mtu wa kunipimia klachi, na hiyo haikumsaidia Mturkana yeyote. Ilimweka mama yangu juani. Fundi yule ana wanafunzi wawili chini ya mti wake, mmoja ni Mturkana wa Kakuma mjini. Siku ile ya tano ndiye aliyekaza presha pleti yangu, mwalimu wake amesimama nyuma akihesabu boliti. Ujuzi ukiruhusiwa kutembea, sisi ndio wa kwanza kuupata, kwa sababu sisi ndio majirani. Na mtihani wa ufundi uwe mmoja kwa wote. Anayeweza afaulu, asiyeweza arudi kusoma, bila kuuliza ametoka wapi.

Na wewe utakayesema gari la mbio halina kazi Turkana, ninunue Probox, sawa. Lakini Probox ya gia za mkono ina klachi vile vile, na itasilipu kwa dalili zile zile. Jaribio la gia ya nne ni moja kwa wote.

Januari, nikirudi Nairobi, nilipita Lodwar kumwacha mama. Kabla hajashuka aliniuliza kama gari limepona. Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia tulipotoka Kakuma nilikanyaga mafuta gia ya nne kwenye ile lami tupu, na revu na mwendo vikapanda pamoja. Hakuelewa hata neno moja. Lakini alikubali kwamba safari nyingine tunaweza kwenda pamoja.